Stesheni Masta na Mbao za Ujerumani

Pale Ifakara waliendelea kumwita Stesheni Masta hata baada ya kustaafu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Karakana yangu ya useremala ilikuwa Lumemo, nyumba tatu kutoka kwake. Kwa miaka mingi nilimsikia akikohoa, akikung'uta viatu na kugombana na redio, lakini tulikuwa majirani wa salamu tu. Shikamoo mzee, marahaba fundi, kila mtu na njia yake. Kilichotukutanisha ni gundi.

Ilikuwa mwaka tisini na sita. Alikuja asubuhi amevaa koti lake la kazi la bluu, lililokatika vifungo viwili, akasimama mlangoni mpaka nilipoweka randa chini.

"Fundi, una gundi ya kushika kitu kidogo?"

"Kidogo kiasi gani, mzee?"

Akafungua kiganja. Ndani yake palikuwa na kitu ambacho kwanza nilidhani ni punje ya mpunga. Nilipoinama nikaona ni kijiti cha mbao chembamba kuliko cha kiberiti, kimeungana na vingine vitatu kufanya mraba.

"Hii ni nini?"

"Fremu ya dirisha," alisema. "Ndivyo nilivyoambiwa."

Mimi natengeneza vitanda vya futi tano kwa sita na milango ya mninga. Fremu ya dirisha kwangu ni kitu cha kubebwa na watu wawili. Nilicheka, na yeye akasubiri nimalize kucheka, kama mtu aliyezoea kusubiri abiria wapande. Halafu akaniuliza tena kama gundi ipo.

Jioni ile nilikwenda kwake kuangalia. Mezani palikuwa na boksi lenye picha ya stesheni ndogo ya Ulaya, paa lake la mwinuko mkali limejaa theluji. Ndani kulikuwa na karatasi za mbao, ndiyo, karatasi, maana unene wake ulikuwa kama wa kadi ya posta. Kuta, milango, ngazi na vigae vilikuwa vimeshakatwa, vimeshikiliwa kwenye ubao wake na vishikio vidogo ambavyo ilibidi uvikate wewe mwenyewe. Mlango wa stesheni ulilingana na ukucha wa kidole changu gumba. Nilitafuta alama ya msumeno nisiione. Kingo zote zilikuwa za kahawia na zilinuka kama mahindi yaliyoungua.

"Imekatwa kwa leza," alisema. "Ni mwanga tu. Unapita kwenye ubao kama wembe."

Nilinusa tena. Miaka ishirini kwenye useremala, na hapo nilikuwa nashika kazi ambayo hakuna mkono uliowahi kuigusa.

"Nani amekuletea?"

"Binti yangu. Yuko Ujerumani, ni nesi." Akarudisha kifuniko cha boksi. "Anaona mimi napenda reli."

Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba kazi ile aliichukia. Aliichukia kwa moyo wote, na aliifanya kila siku, saa nne mpaka saa sita, isipokuwa Jumapili. Adui yake wa kwanza alikuwa hewa ya bonde letu. Masika yakishaingia, hata chumvi huku inalia maji, na mbao zile zilikauka kwenye nchi ya baridi. Aliacha ukuta umenyooka jioni, asubuhi akaukuta umejikunja kama jani la muhogo. Akawa anazilaza kuta chini ya pasi ya mkaa, na juu ya pasi anaweka kitabu cha nyimbo za kanisani.

Adui wa pili ni vile vishikio. Wembe ukisita, ubao unapasuka. Wembe ukiharakisha, unapasuka vilevile. Na gundi yangu ilikuwa ya vitanda: tone moja lilifunika dirisha zima na fremu yake. Mwishowe alijifunza kuipaka kwa ncha ya mwiba wa mlimao. Kuta alizibana kwa vibanio vya nguo, na mkewe akawa anaanika mashuka kwa kuyawekea mawe.

Hakutukana hata mara moja. Alikuwa mtu wa misa ya kwanza. Alipokasirika aliusemesha ubao kama mtumishi mzembe. "Wewe," alisema, akikiangalia kipande kilichovunjika kwenye kidole chake, "utanijibu kwa maandishi."

Siku moja bomba la moshi la stesheni lilianguka kutoka mezani, na kuku akaliwahi. Lilikuwa dogo kama tembe ya klorokwini. Stesheni Masta hakumfukuza yule kuku. Alimkamata, akamfunga mguu, akamweka chini ya tenga na kumfuatilia kwa siku tatu, kazi ambayo sitaieleza. Bomba halikuonekana. Jumapili kuku akachinjwa, nikaalikwa, na firigisi ikapasuliwa mbele yetu wote. Tulikuta changarawe.

"Basi stesheni yetu haitakuwa na moshi," alisema, akajipakulia wali. "Ifakara nani anaota moto?"

Maelekezo yalikuwa ya Kijerumani. Aliyapeleka kwa Sista mmoja mzee wa misheni, ambaye aliyasoma polepole huku akiyatafsiri kwa Kiswahili chake kizuri. Alipomaliza akageuza boksi. "Hapa wameandika, kwa umri wa miaka kumi na minne na zaidi."

"Mimi nimezidi," alijibu Stesheni Masta. Alikuwa na sitini na mbili.

Kazini alikuwa mtu wa usemi mmoja: "Nipe taarifa, usinipe hadithi." Aliuhamishia mtaani. Mteja alikuja siku moja kuuliza kitanda chake, nami nikaanza kumweleza habari za lori lililokwama Kiberege na mvua na mbao mbichi. Stesheni Masta, aliyekaa pembeni akipiga msasa kitu kisichoonekana, akaniingilia. "Fundi, mwambie ni lini. Hadithi atazipata kwingine." Ikabidi nitaje siku, na nilivyoitaja mbele yake ikabidi niitimize.

Hata akiwa mstaafu, treni ikipiga honi aliangalia saa na kuandika kwenye daftari la mazoezi. Mkewe, Mpogoro mwenye maneno machache makali, alimuuliza mbele yangu, "Unamwandikia nani?"

"Siandikii mtu. Treni imefika saa saba na dakika kumi na mbili. Hilo ni jambo la kweli, lazima mtu mmoja alijue."

Walikuwepo waliokumbuka alivyokataa, enzi za kazi, kuandika kwamba treni iliondoka kwa wakati siku ilipozuiwa kumsubiri mkubwa mmoja aliyekuwa bado anakula. Aliandika dakika arobaini, na kwenye nafasi ya sababu akaandika: chakula. Watu walilicheka jambo hilo kwa miaka. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Ndiyo maana lile la kabati lilinishangaza.

Lakini kwanza yalikuja maji. Zile mvua kubwa za mwisho wa tisini na saba zilipoingia mwaka uliofuata, mto Lumemo ulitoka kwenye njia yake na kutuingilia majumbani. Nilikwenda kuwasaidia, nikamkuta Stesheni Masta anatoka mlangoni, maji magotini, amebeba kichwani ubao mpana na juu yake ile stesheni, wakati huo ikiwa na kuta tatu na nusu ya paa. Alitembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Nyuma yake mkewe alikuwa na debe la mchele, na redio imening'inia shingoni.

"Mwangalie," mama aliniambia. "Mimi nabeba chakula, yeye anabeba vibiriti."

Mzee hakujibu, aliogopa kutikisika.

Maji yalipokauka, kabati lao lilikuwa limeachia miguu, nikaitwa kulitengeneza. Nilipofungua sehemu ya juu nikakuta maboksi manne kama lile la kwanza. Ghala la mizigo. Nyumba ya mlinzi wa makutano. Kibanda cha ishara. Daraja la abiria. Yote yalikuwa bado na nailoni yake.

"Mzee, haya mbona hujayafungua?"

Alikuja akafunga mlango wa kabati, taratibu, huku mkono wangu ukiwa bado ndani. "Tengeneza miguu, fundi. Huko juu hakujavunjika kitu."

Mkewe ndiye aliyenieleza, siku alipokuja karakana kudai vibanio vyake vilivyokuwa vimefika mpaka kwangu. Mama yule hakusoma shule, kwa hiyo mzee alikuwa akimsomea kila barua kabla ya kuituma.

"Anamwandikia kwamba stesheni imekamilika," alisema. "Imekamilika tangu mwaka juzi, ndipo likaja boksi jingine. Ghala nalo limekamilika. Sasa yuko kwenye daraja, linamsumbua kidogo lakini linaendelea vizuri." Alivihesabu vibanio vyake. "Mume wangu hajawahi kusema uongo hata wa kumfariji mgonjwa. Sasa anamwandikia mtoto uongo, tena kwa mwandiko mzuri."

"Kwa nini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nikimuuliza anakwenda kuangalia saa."

Sikumuuliza. Kuna mambo ambayo huwezi kumuuliza mtu unayemwamkia shikamoo. Alinieleza mwenyewe, mwezi wa sita mwaka tisini na tisa, siku aliyokuja na barua mkononi. Aliikunjua, akaikunja tena.

"Anakuja," alisema. "Baada ya wiki tatu. Na mtoto wake. Anasema mtoto anataka kuziona stesheni za babu."

Nikamvutia kigoda. Alikaa akiangalia maranda sakafuni, akasema bila kuniangalia:

"Nilimtafutia kazi ya kukatisha tiketi pale stesheni. Nilizungumza na watu, nafasi ikapatikana. Akaikataa. Akasema anakwenda Dar es Salaam kusomea unesi. Nikamwambia ukienda, nenda moja kwa moja. Alikuja kupanda treni siku ambayo mimi niko zamu. Alisimama kwenye dirisha la behewa ananiangalia. Nilikuwa na bendera ya kijani mkononi. Treni niliipa ruhusa. Yeye sikumpa. Hata mkono sikumpungia."

"Ikawaje?"

"Miaka minane, kimya. Alikwenda ng'ambo, akaolewa huko, nilisikia kwa watu. Halafu likaja boksi. Halikuwa na barua, lilikuwa na karatasi moja tu: baba, hii nimeiona dukani nikakukumbuka, ukimaliza uniambie." Akaipiga ile barua kwenye goti. "Nikamwandikia kwamba nimeanza. Akajibu. Akauliza milango nimeipaka rangi gani. Nikajibu. Sasa, fundi, mimi na yule mtoto tulikuwa hatuna neno lingine la kuambiana. Ningemwambia nimeshindwa, angeandika kuhusu nini?"

Nilifunga karakana. Ndivyo tulivyoanza zile wiki tatu.

Mpango ulikuwa kumaliza angalau stesheni. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, jicho la kushoto zaidi, na kila kipande alikipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakigeuza, akarudi nacho, na njiani mara nyingi kilimponyoka. Tuliwahi kutambaa sakafuni, mimi na yeye na mkewe, saa nzima, tukitafuta ngazi yenye vipandio vitano ambavyo vyote vingeweza kukaa juu ya senti. Mama ndiye aliyeiona, imenasa kwenye goti la suruali ya mumewe.

Mimi nilikuwa msaidizi mbaya. Mikono yangu imezoea kubana na kulazimisha. Siku ya tisa alinipa kile kibaraza cha mbele, kipande kizuri kuliko vyote, chenye nguzo sita na mapambo kati yake kama kitambaa cha kufumwa. Yeye alishinda siku mbili kukitoa kwenye ubao wake bila kukijeruhi. Niliambiwa nikishike tu wakati anapaka gundi. Nikakishika. Kikasema kitu kidogo sana, kama mtu anayevunja ukucha, na nguzo zote sita zikawa mezani.

Alikaa chini. Hakunisema. Laiti angesema nimjibu kwa maandishi ningepata nafuu, lakini alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nilichukua kipande cha maranda ya mninga, chembamba, chekundu, nikakilowesha, nikakinyoosha, nikachonga kibaraza kingine kwa ncha ya kisu. Nguzo zangu zilikuwa nene mara mbili na mapambo sikuyaweza. Nilimpelekea nikiwa na aibu. Alikipeleka mlangoni kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye kingo.

"Hiki kimekatwa na mtu," alisema. Akakibandika.

Binti alifika ikiwa bado hatujaweka paa upande mmoja, na madirisha manne yalikuwa matundu. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, amevaa viatu vya kutembelea, akiwa na binti yake mdogo wa miaka kama minane hivi aliyemshika kila mtu mkono kwa zamu. Mzee aliwapokea kwa koti lake la bluu, akauliza safari ilikuwaje, treni ilichelewa muda gani, na wapi. Kisha akasema anatoka kidogo, akapita nyuma ya nyumba, na mimi, niliyekuwa nimesharudi karakana, nikamwona anakuja amebeba ile stesheni, imefunikwa khanga ya mkewe.

"Iweke mahali," alisema. "Nitamwambia nimeiuza."

"Mzee."

"Nitamwambia nimeigawa kanisani."

Tulikuwa bado tunabishana binti alipoingia. Alikuwa amemfuata. Alimwamkia baba yake kama hawajaonana leo, akaniamkia na mimi, halafu akaiangalia khanga, ambayo kwa chini ilionyesha kona ya paa.

"Mama amenionyesha kabati," alisema.

Baba yake alisimama wima, mikono ubavuni, namna watu wa kazi zile wanavyosimama wakisubiri kuulizwa. Nilitaka kutoka lakini wao wawili ndio waliokuwa mlangoni.

"Maboksi manne, baba. Hayajafunguliwa."

"Ndiyo."

"Uliniandikia daraja umelipaka rangi ya kijivu. Uliniandikia rangi ilichelewa kukauka kwa sababu ya mvua."

"Niliandika hivyo."

"Kwa nini usiseme tu kwamba hupendi? Ningekuletea kitu kingine. Ningekuletea shati."

Mzee alifikiri. Nilimwona anatafuta, yule mtu wa taarifa fupi, na taarifa haiji. "Shati ningevaa," alisema mwishowe, "nikaandika asante, ikaisha. Hii haikuwa inaisha."

Binti alifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia, lakini alipotoa mkono alikuwa anacheka pia. Akasema kwamba ile siku dukani hakuwa ametafuta zawadi yoyote. Alikuwa amempeleka mtoto kununua penseli. Alisimama mbele ya lile boksi mpaka muuzaji akaja kumuuliza kama anajisikia vibaya. "Mimi mwenyewe sikujua kama unapenda," alisema. "Nilijua ukikasirika utanirudishia. Hata ungenirudishia, ningejua limefika."

Akaondoa khanga, akaiinua stesheni kwenye mwanga kama baba yake alivyokuwa akifanya. Aliiangalia kila upande. Akauliza bomba la moshi liko wapi.

"Lililiwa na kuku," alisema baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimsikia anasimulia hadithi, ndefu, yenye firigisi na tenga na siku tatu za kusubiri, bila kuangalia saa.

Walikaa wiki mbili. Paa lilimaliziwa na yule mjukuu, mwenye vidole vya saizi inayotakiwa, babu akitoa amri kutoka kwenye kiti. Maboksi manne waliyagawa kwa shule ya msingi. Sijui kama kuna aliyewahi kuyafungua.

Baada ya hapo nilihamia Kidatu kwa kazi za fremu na milango, na nikawa nakuja Ifakara kwa nadra. Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Desemba ya mwaka ule ule. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia lilimwonyesha watu kama vivuli. Alinitambua kwa sauti. Mkewe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaniambia nimekuja wakati mzuri, kuna kazi.

"Andika," alisema Stesheni Masta, na mama akanipa karatasi na kalamu. "Ni ya binti."

Nilisubiri aanze kwa tarehe na mahali, kama nilivyojua barua zake zilivyo. Hakuanza hivyo.

"Muulize huko zamu za usiku ni ngapi kwa wiki. Muulize akirudi asubuhi nani anampikia. Mwambie mguu wa mama yake umepona." Alingoja kalamu yangu inyamaze. "Muulize mume wake ni mtu wa namna gani. Nilimwona kwenye picha tu, picha haisemi. Ana hasira? Kama ana hasira, inakaa muda gani?"

Niliandika. Kurasa mbili zikajaa mwandiko wangu mbaya wa seremala.

"Muulize kama bado anaogopa radi. Alipokuwa mdogo alikuwa anakuja kulala chini ya meza yangu kule ofisini, kwenye kelele zote zile. Nilikuwa namwacha. Sikumwambia kitu, lakini nilikuwa namwacha. Liandike hilo."

Nikaliandika, nikamsomea. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Nimalizie, mzee?"

"Bado," alisema. "Mama, mpe karatasi nyingine. Yapo mengi."